Kabla ya kulipa garanti ya pili, tudai ile ya kwanza

Vijana wenzetu wa Niania, wa Mambasa, wa Bunia, na ninyi wote munaotusoma pale rezo inapokubali,

Jumamosi iliyopita makamarade watatu walikuja kwenye mkutano wetu na swali ambalo hatukulizoea. Kwa kawaida tunaongea usalama, bariere, maji, karte ya uchaguzi. Wao walileta mkataba wa kurasa mbili. Karibu miaka miwili wamechanga pesa: mmoja anaendesha moto, mmoja anauza mchele, mmoja anafundisha shule ya msingi. Sasa wamepata gari kule Bunia, Toyota ya okazyo, kwa dola 6.500. Wanataka ifanye kazi ya kubeba watu na mizigo kati ya Niania na Mambasa. Mwuzaji amewaambia: gari iko na garanti ya miezi mitatu, mukiongeza dola 450, inakuwa mwaka mzima. Amewapa siku kumi za kufikiri.

Swali lao lilikuwa fupi: «Tulipe ao tuache?»

Tulibishana mpaka giza ikaingia. Mmoja wetu alisema: «Mutu bila garanti ni sawa mutu analala bila mulango.» Mwingine akamjibu: «Mulango wa Bunia utafunga nyumba ya Niania namna gani?» Tulicheka, lakini wale watatu hawakucheka. Zile dola 450 ndizo za mwisho walizobakiza. Wakilipa garanti, hawana tena pesa ya karatasi za gari wala ya mipira mipya. Wasipolipa na motere ikafa mwezi wa nne, miaka miwili ya jasho imekwenda.

Kuna watakaosema: haya ni mambo ya biashara, vuguvugu la raia linatafuta nini ndani? Tunajibu: pesa ya kijana anayejitafutia kazi mwenyewe, bila kushika bunduki na bila kwenda kulala kwenye shimo la dhahabu, ni jambo la raia. Na ahadi iliyolipiwa ambayo mwenye kuahidi hataitimiza, huo ugonjwa tunaujua vizuri. Ndiyo maana tumesoma ile karatasi mstari kwa mstari, na tunaandika tulichokiona.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu wanavichanganya.

Asiransi si garanti. Asiransi ya gari ni ya lazima katika inchi yetu tangu sheria ya 5 Januari 1973. Inalipa hasara unayomfanyia mwingine: ukigonga mtu, ukivunja ukuta wa jirani. Haitengenezi motere yako. Usidanganyike mtu akikuambia «uko na asiransi, uko salama». Uko salama mbele ya yule uliyemgonga, basi.

Garanti ya mwuzaji ni ahadi yake kwamba kitu alichokuuzia kitafanya kazi. Ile miezi mitatu ya makamarade wetu ni hiyo, na iko tayari ndani ya bei.

Garanti ya kuongeza ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni biashara ya pili juu ya biashara ya kwanza. Unalipa leo, kwa tatizo ambalo labda litakuja, labda halitakuja. Mwenye kuuza amepiga hesabu yake mbele: pesa atakayopokea kwa wanunuzi wote lazima ipite ile atakayotoa kwa matengenezo. Hatusemi ni wizi. Tunasema ni hesabu, na wewe pia upige yako. Hata kule Marekani, ambako magaraji yako kila kona na barabara ni lami, gazeti la watumiaji linaloitwa Consumer Reports liliuliza wenye magari: zaidi ya nusu ya walionunua garanti ya namna hii hawakuitumia hata mara moja.

Sasa kuna garanti nyingine, ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Hiyo hainunuliwi. Inatoka kwenye sheria. Dekre ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba ni ya zamani sana, ya wakati wa Leopold, lakini mpaka leo majaji wa Kongo wanaitumia. Inasema kwamba mwuzaji anabeba mzigo wa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, zile zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake, ao ambazo mnunuzi angezijua asingenunua, ao angetoa bei ya chini. Mnunuzi yuko na haki ya kuchagua: kurudisha kitu na kurudishiwa pesa yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya pesa. Na kama mwuzaji alijua ile kasoro na akanyamaza, anapaswa kulipa hata hasara iliyofuata.

Lakini haki hiyo iko na masharti, musiyasahau. Haigusi kasoro inayoonekana kwa macho: kama mpira umekwisha na wewe umeuona, ni juu yako. Lazima ulalamike haraka, si baada ya mwaka. Na mwuzaji ambaye hakujua kasoro anaweza kujiondoa kama mkataba uliandika kwamba anauza bila garanti yoyote. Kwa hiyo ukiona maneno «inauzwa kama ilivyo, bila garanti», simama hapo. Usitie sinyatire kwa sababu tu watu wanakungojea na jua linazama.

Makamarade wetu hawakujua hilo. Walifikiri kwamba baada ya miezi mitatu hawana kitu tena, na mwuzaji hakuwaambia kingine. Hofu hiyo ndiyo inayouzwa kwa dola 450.

Turudi kwenye ile karatasi. Ukurasa wa kwanza ni mtamu: motere na bwate ya vitesi vinafunikwa, piesi na kazi ya fundi, miezi kumi na miwili. Ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, unaondoa. Hautafunika amortisere, ambreyaje, freni, batri, mipira, radiatere. Hautafunika uharibifu uliotokana na «hali mbaya ya barabara». Hautafunika uharibifu uliotokana na mafuta machafu. Hautafunika vita na fujo. Na garanti yote inakufa kama vidanje imefanywa mahali pengine, ao kama fundi mwingine amefungua motere.

Tuliisoma hiyo orodha kwa sauti, na kila mstari mtu alisema: «Lakini hii njo Niania!»

Ni kweli. Mutu anayejua njia yetu anajua kinachovunjika. Gari ya hapa haifi kwa sababu ya kasoro ya kiwanda. Inakufa kwa matope ya msimu wa mvua, pale magari makubwa yanapochimba mashimo ya kufika kwenye shasi na kulala humo siku tatu, siku nne. Amortisere zinaondoka za kwanza. Ambreyaje inaungua kwa kujitoa kwenye shimo. Radiatere inatobolewa na jiwe. Mafuta tunanunua kwa bakadafi, kwenye chupa na bidoni, na hakuna anayejua ni nini kimechanganywa ndani. Na kuhusu vita, hatuna haja ya kueleza. Tangu 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya eta de sieje, na bado kwenye RN4 kuna gari zilizochomwa na familia zinazolia watu wao. Hatulaumu mwuzaji wa garanti kwa sababu hafuniki vita. Tunasema tu kwamba ukiondoa barabara, mafuta na vita, kinachobaki ndani ya garanti ni gari ya mtu anayeishi mahali pengine.

Kisha kuna umbali. Kutoka Niania mpaka Bunia ni kilomita kama mia tatu: Epulu, Mambasa, Komanda, ndipo Bunia. Mwaka jana mmoja wetu alinunua moto mpya Bunia, na akalipa nyongeza ya garanti, dola 60. Mwezi wa tano motere ilianza kupiga kelele. Alipiga simu. Wakamwambia: «Ilete.» Moto haitembei, alete namna gani? Alilipa nafasi juu ya lori, akalipa chakula cha njiani, akapoteza siku sita za kazi. Alipofika wakamwuliza fakitire za vidanje. Alikuwa nazo mbili tu, na zote za fundi wa hapa kwetu. Wakamwambia garanti imekwisha kufa zamani. Alitengenezesha moto kwa pesa yake, palepale, kisha akalipa lori tena kurudi. Hatutaji duka, kwa sababu shida si duka moja. Mkataba wenyewe ulitaka mtu wa Niania aende Bunia kila mara kubadili mafuta. Nani angeweza?

Kwa hiyo hili ndilo jibu letu la kwanza: garanti inapimwa kwa umbali kati ya mahali gari inapovunjikia na mkono unaopaswa kuitengeneza. Kwa mutu wa Bunia, mwenye gari inayozunguka mjini, aliyenunua kwa mwuzaji mwenye garaji lake mwenyewe, garanti ya kuongeza inaweza kuwa na faida. Kwa mutu wa Niania, karatasi hiyohiyo, kwa bei hiyohiyo, haina thamani ileile. Sisi tungekuwa mahali pa makamarade wetu, tusingelipa.

Lakini kusema «musilipe» ni rahisi. Gari ikivunjika, sisi tutakuwa wapi? Tupige hesabu pamoja. Dola 450 kwa miezi 12 ni dola 37 na nusu kila mwezi. Wakiziweka kwenye sanduku lao, baada ya mwaka bila tatizo kubwa, pesa bado ni yao. Amortisere ikivunjika, sanduku linalipa, garanti isingelipa. Fundi wa hapa akitengeneza, sanduku halimkatazi.

Kuna ubaya mmoja, na hatutauficha. Motere ikifa mwezi wa pili, sanduku liko na dola 75 tu. Hapo garanti ingeshinda, kama wangeweza kufikisha gari Bunia na kama fakitire zote zingekuwa sawa. Mutu peke yake hawezi kujifunika mwenyewe dhidi ya pigo kubwa linalokuja mapema. Ndiyo maana tunapendekeza likelemba ya wenye gari na moto wa Niania. Wenye gari kumi wakitoa dola 20 kila mwezi, mwezi wa tatu kuna dola 600, na mwisho wa mwaka 2.400. Si gari zote zitavunjika siku moja. Kanuni ziandikwe: nani anashika ufunguo, nani anashika daftari, fundi gani anathibitisha kwamba gari kweli imekufa, mtu anakopeshwa kiasi gani na anarudisha kwa muda gani. Mama zetu wanafanya hivyo sokoni miaka mingi, kwa daftari na kalamu. Sisi tuliosoma tunashindwa na nini?

Kuna garanti moja bado hatujaitaja, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Tumesema kinachoua magari yetu ni barabara. Sasa nani anapaswa kutengeneza barabara, na kwa pesa gani? Kwa sheria ya 7 Julai 2008, Leta iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Pesa yake inatoka kwenye mafuta yanayoingia inchini kwa njia ya sheria, na kwenye peaje tunazolipa njiani. Maana yake, kila mwendesha gari anayelipa peaje, na kila mama anayelipa nauli, amekwisha kulipa garanti. Si ya motere, ni ya barabara. Amelipa mbele, bila kuulizwa, na bila siku kumi za kufikiri. RN4 inapita katikati ya Niania: upande mmoja Kisangani, upande mwingine Mambasa na Bunia, na hapa kwetu ndipo inapoachana na njia ya Wamba na Isiro. Haya si mapito ya porini ambayo hakuna anayeyajua. Ni barabara ya taifa, na namba yake iko kwenye ramani.

Kisha tunalipa peaje mbele ya shimo, na ng'ambo ya shimo kuna vijana wenye majembe na kamba, wanaotutoza pesa ili tupite kwenye ubao wao. Hatuwalaumu sana hao vijana. Angalau wao wameweka ubao. Lakini tuulize: pesa ya kwanza ilikwenda wapi?

Munaona sasa mzunguko? Leta inapokea pesa ya kutunza barabara na barabara haitunzwi. Barabara inavunja gari. Mwuzaji anajua hilo, anaandika «barabara mbaya haifunikwi», kisha anatuuzia garanti. Na sisi, kwa hofu, tunalipa mara ya tatu. Kila mmoja ametoa ahadi yake, lakini gari iko kwenye matope na ni jasho letu linaloitoa.

Kwa makamarade wetu watatu, na kwa kila kijana anayetaka kununua gari ao moto, haya ndiyo tunayowashauri:

1. Kabla ya pesa kutoka mkononi, peleka fundi wako mwenyewe. Fundi akipanda gari nusu saa na kusikiliza motere, hiyo ni garanti bora kuliko kurasa mbili. Mlipe vizuri.

2. Dai fakitire yenye jina la mwuzaji, tarehe, bei, namba ya shasi na namba ya motere. Bila fakitire, ile haki ya 1888 utaisimamisha kwa miguu gani mbele ya jaji?

3. Kataa maneno «bila garanti». Kama mwuzaji anasema gari ni nzuri, akubali kuandika hivyo.

4. Mkionyeshwa garanti ya kuongeza, anza kusoma ukurasa wa mwisho. Uliza: ni nini hakifunikwi? Gari ikifia Epulu, nani analipa kuifikisha? Fundi wa hapa anaweza kufanya vidanje? Jibu la mdomo halitoshi, liandikwe na litiwe sinyatire.

5. Uliza nani anayeahidi. Ni mwuzaji mwenyewe ao ni kampuni ya asiransi? Tangu sheria ya 17 Machi 2015, SONAS haiko tena peke yake kwenye soko la asiransi, na kuna ofisi ya kusimamia kampuni hizo, ARCA. Kampuni ya kweli haitaogopa kukuonyesha ruhusa yake.

6. Unaweza kujadili. Badala ya kulipa dola 450, mwambie mwuzaji aongeze garanti ya miezi mitatu iwe sita bila pesa, ao apunguze bei, ao atoe mipira miwili mipya. Bei ya kwanza siyo ya mwisho. Soko la Bunia linajua hivyo, na wewe unajua.

7. Ukinunua, gari ikionyesha kasoro, usingoje. Andika, piga picha, tuma ujumbe wenye tarehe, weka kopi.

Kwa wauzaji wa Bunia, wengi wao watu wazuri wanaohangaika kama sisi, tunaomba jambo moja: andikeni garanti inayofika mahali muteja anapoishi. Chagueni fundi mmoja Mambasa na mmoja Niania, muwatambue, muwape piesi. Mukifanya hivyo, sisi wenyewe tutawaambia vijana walipe.

Kwa FONER, kwa Ofisi ya Barabara na kwa wakubwa wa jimbo, hatuombi. Tunadai. Tunataka ibandikwe hadharani, kwenye kila peaje ya RN4 katika teritware ya Mambasa, pesa iliyoingia mwezi huu na kazi iliyofanywa nayo. Tutaandika barua, tutaipeleka kwa mkono, na kopi ya akize ya kupokea tutaiweka hapa ili kila mtu aione. Tutakwenda kwa amani, mikono mitupu, kama kawaida yetu.

Makamarade wetu watatu wamesema watarudi Bunia Jumatano. Watanunua gari, hawatanunua garanti. Fundi wao atakwenda pamoja nao, na ile dola 450 italipa karatasi na mipira. Kitakachobaki kitaanza sanduku. Labda tumekosea, labda motere itakufa mwezi wa pili. Ikiwa hivyo tutaandika hapa pia, na tutachanga. Kushauri mtu kisha kumwacha kwenye matope, hiyo ni tabia tunayoikataa kwa wengine.

Likelemba ya wenye gari na moto itaongewa kwenye mkutano wa Jumamosi, mahali petu pa kawaida, saa nane mchana. Kuja na daftari, na kuja na fakitire yako kama uko nayo. Kama huna, kuja hivyohivyo, tutaanzia hapo.

Imefanyika Niania, teritware ya Mambasa.